HISTORIA: Jinsi Lenzi Pana Ilivyotoka kwa Mabosi Hadi Kufika kwa Mpiga Picha wa Kitaa

Wapiga picha wa sherehe wanaijua hii hali. Sebule ni ndogo, bibi harusi yuko katikati, ndugu kumi na tano wamejipanga, mpiga picha mgongo wake umeshagusa ukuta, na bado shangazi wa pembeni anatokea nusu. Hapo hakuna ujanja wa kusogea nyuma tena. Kinachotakiwa ni lenzi pana, ile ambayo wengi mtaani wanaiita waidi.

Swali linalowaumiza vichwa vijana wengi wenye kamera ni hili: kwa nini lenzi hiyo bei yake huwa juu hivyo, na ipi ya kununua bila kufilisika? Jibu lake lipo kwenye historia. Kila kizazi cha kamera kilikuja na kizuizi chake kilichofanya upana uwe ghali, na kila mara kuna watu, ambao wengi hawajawahi kusikia majina yao, walikaa miaka wakitafuta njia ya kukiruka. Ukikijua kizuizi kilichopo ndani ya kamera yako mwenyewe, unajua lenzi ya kununua. Usipokijua, unaweza kumwaga mamilioni kwa lenzi ambayo kwenye kamera yako haizidi sana ile uliyopewa dukani siku ya kwanza.

Namba ndogo, picha pana

Kwanza tuwekane sawa kuhusu namba. Ile namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi, kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo lenzi inavyoona eneo kubwa zaidi. Kwenye kamera ya mkanda wa kawaida, ambayo fremu yake ni milimita 36 kwa 24, lenzi ya 50 inaona karibu digrii 47 kutoka kona hadi kona. Ya 28 inaona digrii 75. Ya 16 inafika digrii 107. Ndiyo maana watu wanaipenda 16: chumba chote kinaingia.

Lakini hesabu hizo zinakubali kwa fremu ya ukubwa huo tu. Fremu ikipungua, upana nao unapungua. Shika hapo, maana huko mbele ndiko pesa za watu zinakopotelea.

Walioanza walitaka sura, siyo upana

Upigaji picha ulitangazwa rasmi Paris mwaka 1839. Shida kubwa ya siku zile ilikuwa mwanga. Mtu alitakiwa kukaa bila kutikisika kwa dakika kadhaa ili sura yake itoke. Mwaka 1840 profesa mmoja wa hesabu pale Vienna akaja na lenzi ya f/3.6 iliyopitisha mwanga mwingi kuliko zote zilizokuwepo. Inaelezwa kwamba jeshi lilimpa askari wa mizinga waliokuwa wazuri wa kukokotoa, wamsaidie mahesabu. Majina ya askari hao wengi hawayajui. Ila kazi yao ndiyo iliyofanya studio za picha zianze kulipa, maana muda wa kukaa mbele ya kamera ulishuka sana.

Lenzi ile ilikuwa kali katikati na ukungu pembeni. Kwa picha ya sura hilo si tatizo, pengine ni uzuri. Kwa picha ya jengo au umati ilikuwa balaa. Hapo ndipo yakaanza mashindano ya pili, ya kuona pana bila pembeni kuharibika.

Mpira wa maji wa mwaka 1859

Mwaka 1859 Muingereza mmoja alipata hataza ya lenzi ya ajabu. Ilikuwa kama mpira wa kioo uliojazwa maji katikati. Iliona karibu digrii 120, upana ambao hata leo ungemfurahisha mtu. Shida ni kwamba picha yake haikutua vizuri kwenye sahani bapa ya kioo, kwa hiyo ilibidi sahani zenyewe zitengenezwe zikiwa zimepinda. Fikiria wewe ni mpiga picha, unabeba sahani za kioo zilizopinda, unazipaka dawa kwa mkono, unapanda nazo mlimani. Haikudumu sokoni.

Huyo huyo Muingereza, mwaka 1861, alichukua hataza ya kitu kingine: kamera yenye kioo cha kuakisi ndani yake, kinachomwezesha mpiga picha kuona kupitia lenzi ile ile inayopiga picha. Huo ndio mzizi wa kamera za DSLR. Kumbuka jambo hili, kwa sababu kioo hicho ndicho kilichokuja kuzitesa lenzi pana kwa zaidi ya nusu karne.

Wamarekani wawili wa New York nao wakaleta lenzi yao mwaka 1862, vioo viwili vinavyotazamana kama maganda mawili ya mpira. Halafu mwaka 1900 Berlin ikatoa kali kuliko zote. Iliitwa Hypergon, vipande viwili tu vya kioo chembamba vilivyopinda kama bakuli, na iliona karibu digrii 140. Ila katikati ya picha palipata mwanga mwingi mno na pembeni giza. Dawa yao ilikuwa nini? Walifunga kifeni kidogo chenye umbo la nyota mbele ya lenzi. Mpiga picha alibonyeza mpira wa hewa, kifeni kikazunguka na kupunguza mwanga wa katikati, kisha kikaondolewa njiani ili picha imaliziwe. Upana ulipatikana, lakini ni kwa mtu mwenye subira, mwenye stendi, na anayepiga kitu kisichotembea.

Kioo kilichokaa njiani

Kamera ndogo za mkanda zilipoingia, Leica ikiongoza mwaka 1925, lenzi pana zilipata nafuu. Kamera hizo hazikuwa na kioo cha kuakisi ndani. Lenzi iliweza kukaa karibu kabisa na mkanda, na lenzi pana kwa asili yake inapenda kukaa karibu. Miaka michache baadaye lenzi za milimita 35 na 28 zilikuwa ndogo tu, za kutia mfukoni.

Kisha kamera zenye kioo zikaanza kupendwa, kwa sababu unachokiona ndicho unachokipata. Tatizo ni kwamba kioo kinapopanda na kushuka kinahitaji nafasi. Lenzi pana ikikaa karibu, kioo kinaigonga. Ikisogezwa mbele, picha haitui kwenye mkanda. Wapiga picha wakabaki na kamera ya kisasa isiyoweza kuona pana.

Mfaransa mmoja aliyekuwa akitengeneza lenzi za sinema ndiye aliyeingia na suluhisho madukani mwaka 1950. Lenzi yake ya milimita 35 ilikuwa na kioo kikubwa mbele kinachotawanya mwanga kwanza, kisha vioo vya nyuma vinaukusanya. Matokeo yake ni kwamba lenzi inakaa mbali na mkanda lakini inaona kama iko karibu. Aliiita Retrofocus, na jina likawa la aina nzima ya lenzi hizo, kama vile Bongo dawa ya meno ya kampuni yoyote inavyoitwa kolgeti.

Hapa ndipo bei ilipozaliwa. Njia ile ilihitaji vipande vingi vya kioo, cha mbele kikiwa kikubwa, na kila kipande kikakatwe na kusuguliwa kwa usahihi wa hali ya juu. Lenzi pana ikawa nzito, nene na ghali. Wengine walikwepa gharama kwa njia ngumu. Nikon ilipotoa kamera yake ya F mwaka 1959, ilikuwa na lenzi ya milimita 21 ambayo mwisho wake uliingia ndani kabisa ya kamera. Ili kuifunga ilibidi kwanza kioo kinyanyuliwe na kikae juu moja kwa moja. Mpiga picha hakuona tena kupitia lenzi, akawa anachungulia kwenye kidirisha cha pembeni kilichopachikwa juu ya kamera.

Na mahesabu je? Kwa miaka mingi kila mwali wa mwanga ulifuatiliwa kwa mkono, makarani wa hesabu wakiwa na vitabu vya logarithimu, wakirudia hesabu ile ile kwa kila kioo. Kubuni lenzi moja kuliweza kula miaka. Kompyuta zilipoingia mambo yakabadilika. Kampuni ya Leitz ya Wetzlar, Ujerumani, ilipokea kompyuta yake ya Z5 mwaka 1953. Kuanzia hapo kazi ya miezi ikaanza kuwa kazi ya siku. Bila makarani wale na bila mashine zile, lenzi pana yenye vipande kumi na zaidi isingefika dukani.

Dijitali ilipoiba upana

Sasa tuje kwenye kizazi chetu. Mwaka 1999 Nikon ilitoa D1, kamera ya dijitali iliyobadilisha vyumba vya habari. Picha ilitoka papo hapo, hakuna kusafisha mkanda. Lakini waandishi waliofunga lenzi zao za zamani walikuta kitu cha ajabu: lenzi yao ya 28, waliyoizoea kwa umati na vyumba vya mikutano, sasa inaona kama ya 42. Upana umeyeyuka.

Sababu ni sensa. Sensa ya D1 ilikuwa milimita 23.7 kwa 15.6, chini ya nusu ya eneo la fremu ya mkanda. Kutengeneza sensa kubwa kulikuwa ghali mno, kwa sababu kadiri kipande cha silikoni kinavyokuwa kikubwa, ndivyo vinavyopatikana vichache kwenye sahani moja na ndivyo kasoro moja inavyoharibu kipande kizima. Kampuni zikapunguza sensa, na picha ikawa kama imekatwa pembeni. Ndiyo maana watu wanaita kropu.

Waliokuwa na pesa walitoka kwenye shida haraka. Mwaka 2002 Canon ilileta 1Ds yenye sensa kamili, yaani fulu fremu, kwa dola 7,999. Wengine wote walisubiri. Mwaka uliofuata ikaja 300D kwa dola 899 bila lenzi, na ndiyo iliyowaingiza watu wa kawaida kwenye kamera kubwa. Ilikuja na lenzi ya 18-55. Zidisha 18 kwa 1.6, unapata karibu 29. Upana wa wastani, siyo wa kuingiza sebule nzima.

Hapo ndipo wabunifu walipogeuza tatizo kuwa faida. Kama sensa ni ndogo, kwa nini lenzi itengeneze picha ya kufunika fremu kubwa? Wakachora lenzi kwa ajili ya sensa ndogo tu. Mwaka 2003 Nikon ikatoa 12-24. Mwaka 2004 Canon ikatoa 10-22. Upana ukarudi, ila bei ikabaki ya watu wa kazi kubwa.

Walioleta ahueni ya kwanza ni kampuni ambazo hazikuwa na jina la heshima kwenye shingo za mabosi. Tokina, Tamron na Sigma, zote za Japani, zilitoa lenzi pana za sensa ndogo kati ya mwaka 2004 na 2005. Tokina ikarudi na 11-16 ya f/2.8 mwaka 2008, na watu wa video za muziki na harusi wakaipenda kwa sababu inaona vizuri hata gizani. Kutoka Korea Kusini Samyang ikaleta 14 ya f/2.8 isiyo na fokasi ya otomatiki kabisa. Unazungusha kwa mkono, na mstari ulionyooka unaweza kutokea umepinda kama sharubu. Lakini ilikuwa kali, na bei yake iliwaruhusu vijana kuingia ulingoni.

Dola 299

Mwaka 2014 ndio mwaka wa kukumbukwa. Canon ilitangaza lenzi ya 10-18 kwa dola 299. Kwa kiwango cha fedha cha wakati ule ni kama laki tano za Kitanzania, kabla ya usafiri na ushuru. Ile 10-22 iliyotangulia ilikuwa ikiuzwa karibu mara mbili ya hapo. Mwaka 2017 Nikon ikajibu na 10-20 ya karibu dola 310.

Walikata wapi? Walikata chuma: sehemu ya kufungia kwenye kamera ni plastiki, na lenzi ya Canon ina uzito wa gramu 240 tu. Walikata mwanga: lenzi hizi ni f/4.5 hadi f/5.6, wakati ile Tokina ni f/2.8. Kati ya f/5.6 na f/2.8 mwanga unatofautiana mara nne. Lakini hawakukata upana, na wala hawakukata ukali wa picha. Wakaongeza hata kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono, ambacho ile 10-22 haikuwa nacho.

Ndipo somo lote la historia hii linapokaa. Kinachopandisha bei ya lenzi pana leo, mara nyingi si upana wenyewe. Ni mwanga, chuma, na uwezo wa kufunika sensa kubwa. Kama huvihitaji hivyo vitatu, usivilipie.

Kwa mnunuzi wa leo

Chukua mfano wa kijana mwenye Canon ya sensa ndogo. Anaambiwa kila mtaalamu anatumia 16-35 ya fulu fremu. Anajinyima mwaka mzima, ananunua. Zidisha 16 kwa 1.6: anapata karibu 26. Lenzi iliyokuja na kamera ilikuwa inampa 29. Amelipa mamilioni kwa hatua moja ya mguu. Mwenzake aliyenunua 10-18 iliyotumika anapata 16, shangazi na jirani yake wanaingia wote.

Kwa hiyo cha kwanza ni sensa. Canon ndogo zidisha kwa 1.6. Nikon, Sony na Fujifilm ndogo zidisha kwa 1.5. Panasonic na Olympus za Micro Four Thirds zidisha kwa 2. Ukipata jibu kati ya 15 na 18, hiyo ni pana ya ukweli. Ukipata 24 hadi 28, ni pana ya kawaida.

Cha pili ni kazi unayofanya. Nyumba za kupangisha, majengo, mandhari na safari hazina haraka, na f/4.5 inatosha, hasa ukiwa na stendi. Ukumbi wenye taa za rangi na watu wanaocheza ni habari nyingine, hapo f/2.8 ina maana, hata kama ni ya mtumba.

Cha tatu ni kama lenzi na bodi zitaelewana, na hapa mitumba inawaliza wengi. Lenzi za Canon za EF-S haziingii kwenye bodi za DSLR za fulu fremu. Ile 10-20 ya Nikon ya AF-P haifanyi fokasi kwenye bodi za zamani kama D90. Toleo la kwanza la Tokina 11-16 la Nikon halina mota ndani, kwa hiyo kwenye bodi ndogo za D3000 na D5000 utazungusha fokasi kwa mkono. Nenda na bodi yako dukani, funga, piga picha ya ukuta wenye matofali, kuza pembe zote nne uangalie. Kona moja ikiwa na ukungu kuliko nyingine tatu, huenda lenzi iliwahi kuanguka. Irudishe mezani.

Na hata ukipata lenzi nzuri, kuna sheria ya maumbile isiyoshushwa na bei: lenzi pana huvuta kilichopo pembeni. Mtu akikaa kwenye ukingo wa picha anatokea mnene na kichwa kimerefuka. Weka watu katikati, pembeni acha mapambo, la sivyo shangazi aliyekuwa akikatwa atalalamika sasa kwamba umemnenepesha.

Kioo kimeondoka

Kizuizi cha tangu hataza ya mwaka 1861 sasa kinaondoka. Kamera mpya nyingi hazina tena kioo cha kuakisi, hivyo lenzi imerudi kukaa karibu na sensa kama enzi za Leica. Mwaka 2021 Canon ilitoa lenzi ya 16 ya f/2.8 kwa ajili ya fulu fremu, gramu 165, dola 299. Siri yake ni kwamba mistari inapinda kweli, lakini programu ndani ya kamera inainyoosha kabla hujaiona. Simu nazo zimefuata njia hiyo hiyo, kuanzia LG G5 ya mwaka 2016 hadi iPhone 11 ya mwaka 2019, na leo kuna watu wanapiga pana kila siku bila kujua kwamba hesabu ya kunyoosha ukuta inafanyika kiganjani mwao.

Askari wa mizinga wa Vienna walikokotoa kwa kalamu ili tajiri akae studio kwa muda mfupi. Leo hesabu zao zimekuwa chipu, na lenzi iliyoota ndoto ya watu wa mwaka 1859 inauzwa ikiwa imetumika, kwenye boksi lililochanika, kwa bei ambayo mapato ya harusi chache yanaweza kuirudisha.

Mdau, kamera yako ni ya sensa gani na unafunga lenzi ipi? Tupia kwenye komenti hapo chini, na kama kuna mtu amepigwa kwa lenzi isiyoelewana na bodi, aeleze wengine wapone.